Kufufua redio ya valvu bila kuua valvu: nilivyohangaika na redio ya Kilema

Nimepanda Kilema, kule mlimani Kilimanjaro, mara tatu kwa redio moja. Daladala, kisha bodaboda, redio mapajani imefungwa blanketi, na kila nikishuka kurudi Moshi najiambia kazi imeisha. Mzee mwenye redio hakunigombeza hata siku moja. Baada ya siku mbili tatu anapiga simu, nampa shikamoo, anaitikia, anauliza habari za watoto, ndipo anasema: "Mwanangu, ile redio imeanza kunuka tena."

Ninaandika hatua hizi kwa aliyerithi redio ya namna hii na ameishika solda kabla ya leo. Ya Kilema ni ya Kijerumani, ya miaka ya 1950, kabati la mbao, valvu sita, yaani vile vichupa vya kioo vinavyopata moto ndani: ECC85, ECH81, EF89, EABC80, EL84 na EZ80, pamoja na EM80, lile jicho la kijani linaloonyesha stesheni imekaa. Seti kama hii utaikuta kwenye redio nyingi za Ulaya za miaka hiyo, kwa hiyo nitakayosema yatakufaa hata kama kabati lako ni tofauti.

Hatua ya 1: Soma majina ya valvu kabla ya kuchomeka chochote

Herufi ya kwanza ndiyo inayokupa habari. E ni valvu za volti 6.3, na kwa kawaida redio hiyo ina transfoma. U ni valvu zilizofungwa mfululizo kama taa za Krismasi, miliampea 100 zikipita zote. Redio hizo mara nyingi hazina transfoma, na chesisi, lile bati la chuma linalobeba vifaa vyote, imeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Ukigeuza plagi vibaya, chuma chote cha redio kina volti 230. Kama huna transfoma ya kutenganisha umeme, redio ya U iache. Siandiki hivi kwa kutishana. Mimi mwenyewe za U nazirudisha kwa wenye redio.

D ni za betri. Nyuzi zake ni za volti 1.4, na ukizipa volti 6 zinakatika zote kabla hujaondoa mkono.

Hatua ya 2: Usafi

Brashi laini ya rangi na pumzi. Ndani ya redio ya Kilema kulikuwa na kiota cha panya, na mkojo wa panya unakula waya mwembamba wa koili, kwa hiyo toa kila kitu.

Kioo chenye majina ya stesheni USIKIGUSE na kitambaa kilicholowa. Maandishi yamechapwa upande wa nyuma, na rangi yake hushikilia kwa huruma tu. Mwaka wangu wa kwanza nilipitisha spiriti kwenye kioo cha redio ya shangazi yangu, na Hilversum, Luxembourg na London vikaondoka na pamba. Mpaka leo anatafuta stesheni kwa kubahatisha.

Hatua ya 3: Taa ya kukulinda

Funga soketi ambayo umeme wake unapita kwanza kwenye globu ya kizamani, ile ya nyuzi, wati 60 au 100, ndipo uende kwenye redio. Globu za LED hazifai hata kidogo. Madukani zimepungua, lakini ulizia wanakouza vifaa vya kuku, kwa sababu wafugaji bado wanazitumia kulelea vifaranga. Chukua ya wati 100 au chini. Ile kubwa nyekundu ya wati 250 inapitisha umeme mwingi mno, haitakulinda.

Ukiwasha, globu inang'aa, inafifia, kisha inapanda kidogo valvu zikipata moto. Hiyo ni nzuri. Ikibaki inawaka kwa nguvu zote, kuna shoti, zima. Kumbuka kwamba redio iliyo nyuma ya globu haipati volti 230 kamili, kwa hiyo vipimo vyote vitakuwa chini. Usianze kubadilisha vitu kwa sababu ya vipimo hivyo.

Na fyuzi iwe fyuzi. Nimekuta redio zenye kipande cha waya wa wayaringi mahali pa fyuzi, na transfoma imeungua ikanuka nyumba nzima.

Hatua ya 4: Kapasita kubwa za umeme

Ziko ndani ya kopo la aluminiamu juu ya chesisi, kwa kawaida maikrofaradi 50 mara mbili. Redio ikinguruma kama nyuki hata volyumu ukiishusha chini kabisa, ni hizo. Liache kopo mahali pake kwa ajili ya sura, likate waya, ufiche kapasita mpya chini. Volti 450, maikrofaradi 47. Usiongeze ukidhani unaboresha: EZ80, valvu inayogeuza AC kuwa DC, imeandikiwa mwisho maikrofaradi 50 kwa ile kapasita ya kwanza inayoifuata, ukiweka 220 unaichosha kila unapowasha.

Za pawasapulai ya kompyuta nyingi ni volti 200. Ni nene, zinavutia, na hapa zinalipuka. Ukiweka hasi na chanya kinyume pia zinalipuka. Niliwahi kufanya hivyo. Dari bado lina doa.

Kabla ya kugusa chini ya chesisi, toa umeme uliobaki kwa rizista ya kiloohmu 10, wati 5, kisha pima mpaka uone sifuri. Sio kwa bisibisi. Wanaopiga bisibisi "paa!" mbele ya mteja wanaharibu kapasita ili waonekane mafundi. Ukiwa unapima redio ikiwa imewashwa, mkono mmoja mfukoni, viatu vikavu miguuni.

Hatua ya 5: Kapasita moja ndogo iliyonipeleka Kilema mara tatu

Hapa kaa chini.

Kati ya anodi (sahani ya ndani) ya EABC80 na gridi (waya unaoongoza mkondo) ya EL84, valvu inayosukuma spika, yaani pini yake namba 2, kuna kapasita ya nanofaradi 10 au 22. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia volti za anodi. Za zamani ni za karatasi iliyozamishwa kwenye nta. Miaka sitini na zaidi ya joto na unyevu, karatasi inaanza kupitisha umeme kidogo. Kidogo sana: maikroampea chache. Lakini gridi imeshikiliwa chini na rizista ya megaohmu 1, na maikroampea 4 kwenye megaohmu 1 ni volti 4. Gridi ambayo ingekuwa sifuri sasa ina volti 4 chanya, EL84 inafunguka, inavuta kupita kiasi, inapata moto, inakufa. Na EZ80 inayolisha redio nzima, ambayo mwisho wake ni miliampea 90, inafuata.

Safari ya kwanza nilikuta EL84 imechoka, sauti inakwaruza. Nikaweka mpya niliyoagiza nje na kuisubiri wiki tano. Ikaimba vizuri mezani kwangu Majengo. Nikaipeleka. Siku ya tatu, simu.

Safari ya pili nilichomoa ile kapasita upande mmoja nikaipima. Mita ya kapasita ikasema nanofaradi 11. Nzuri, nikasema. Nikaweka upimaji wa ohmu: hakuna kitu, haipitishi. Nzuri zaidi. Nikairudisha. Nikapima pia pini namba 2 redio ikiwa inaimba, kwa testa yangu ya sindano ninayoipenda kuliko kitu chochote mezani, na sindano ikainuka kidogo tu, haikufika hata nusu ya volti 1. Nikasema hiyo si kitu. Nikailaumu valvu niliyoletewa, nikaweka ya akiba. Siku ya nne, simu.

Makosa yalikuwa matatu, na nataka uyaone moja moja.

La kwanza, mita ya kapasita na mita ya ohmu zinapima kwa volti chache tu. Kapasita iliyoharibika kwa namna hii inajifanya nzima ikipimwa kwa volti 3, na inavuja ikipewa volti 90. Kipimo chake cha kweli ni kazini kwake. Kuna dalili moja ndogo tu: ya karatasi inayovuja mara nyingi husoma kubwa kuliko ilivyoandikwa. Ikiandikwa 10 ikasoma 18, itupe bila maswali. Yangu ilisoma 11, ikanidanganya.

La pili, testa ya sindano. Ile ya kiloohmu 20 kwa kila volti, ukiiweka kwenye volti 10, yenyewe ni rizista ya kiloohmu 200. Umeiweka sambamba na megaohmu 1 ya gridi, kwa hiyo umeme mchache uliokuwa unapandisha gridi sasa unapita kwenye testa. Palipokuwa na volti 2 nilisoma 0.3. Naipenda sindano kwa kuangalia kitu kinachotikisika, lakini kwenye gridi tumia ya digitali, yenye megaohmu 10.

La tatu ndilo lililokula saa nyingi: joto. Mezani kwangu chesisi ilikuwa nje ya kabati, feni inazunguka. Kule Kilema redio iko ndani ya kabati, mgongo umebanwa ukutani, inaimba tangu taarifa ya habari ya asubuhi. Nta ikipata moto, uvujaji unaongezeka. Safari ya tatu nilibeba mita ya digitali, nikapima palepale sebuleni kwa mzee redio ikiwa ndani ya kabati, waya wa kipimo nimeuunganisha mapema na kuutoa nje kwa nyuma. Dakika tano: volti 1.6. Bibi akaleta chai na ndizi. Nusu saa: 4. Saa moja: 8, na sahani ya ndani ya EL84 imeanza kuwa nyekundu kama mkaa unaokolea. Nikazima kwa kuvuta plagi.

Pima pia kathodi, sehemu ya valvu mkondo unapoanzia, pini namba 3, kwa sababu inakupa mkondo bila kukata waya. EL84 yenye rizista ya ohmu 150 ikiwa na volti 7.5 inavuta miliampea 50, sawasawa. Ikiwa 10, ni 67, ina homa. Mle sebuleni ilikuwa karibu 13, yaani miliampea 85, na anodi ya EL84 inavumilia wati 12 tu. Tahadhari: redio nyingine kathodi imeunganishwa moja kwa moja na chesisi, utasoma sifuri. Usifurahi. Tafuta rizista iliyoko kwenye njia ya hasi ya umeme mkubwa, upime hapo.

Tahadhari nyingine. Volti chanya kwenye gridi inaweza kutoka kwa valvu yenyewe, iliyoingiwa na gesi. Namna ya kutofautisha: ng'oa kapasita upande wa gridi, washa, subiri ipate moto. Volti zikiondoka, ni kapasita. Zikibaki, ni valvu. Ule utando wa fedha juu ya kioo ukigeuka mweupe kama maziwa, usisumbuke kupima, hewa imeingia.

Na kama sahani haina moto ila zile nyaya za gridi ya pili ndizo zinawaka nyekundu, pima pini namba 7, yaani anodi. Hakuna volti? Transfoma ya spika imekatika, na gridi ya pili inabeba mzigo usio wake. Zima upesi.

Kapasita mpya: ya plastiki, volti 630. Kilema niliichomelea pale pale juu ya meza ya mzee, gazeti chini. Gridi ikasoma sifuri, na baada ya saa mbili ikasoma sifuri. Sasa naibadilisha hii kabla hata sijawasha redio ya mtu, iwe nzima iwe mbovu. Sijali fundi mwingine anasemaje kuhusu kuhifadhi asili.

Hatua ya 6: Kapasita nyingine za nta na rizista

Badilisha moja, washa, sikiliza, badilisha nyingine. Ukibadilisha kumi kwa mpigo na redio ikanyamaza, hujui ni ipi uliyokosea. Kapasita za mica na za kauri ziache. Ile iliyokaa kati ya nyaya mbili za umeme wa ukutani iwe ya aina ya X2, au ing'oe kabisa, redio itaimba bila yake.

Rizista za kaboni hupanda kwa uzee. Ya megaohmu 1 ikisoma 1.6, toa.

Hatua ya 7: Kurudisha ndani

Mgongo wa redio usibanwe ukutani, acha nafasi ya kiganja. Zile skrubu za koili usizizungushe, hata kama zinakuita, hazilegei zenyewe.

FM ya redio nyingi za Kijerumani za wakati ule inaishia megahezi 100. Mzee alizungusha mshale mpaka mwisho wa kioo akitafuta stesheni ya mjukuu wake, akaniangalia. Nikamwambia ile iko mbele ya mwisho wa kioo, Babu, hiyo siwezi kuitengeneza. Akarudisha mshale, akaongeza sauti, akaniambia nisogeze kiti.