Modemu yako mwenyewe: mwongozo kwa tunaolipa bili za kebo Marekani

Chukua bili yako ya intaneti ya mwezi uliopita, ruka ile namba kubwa ya juu, shuka mpaka kwenye mistari midogo. Kama unatumia intaneti ya kebo hapa Marekani, huenda ukakuta mstari wenye neno "Equipment" au "Modem", na mbele yake dola 10, 14 au 15. Hiyo ni kodi ya kile kisanduku kinachopepesa taa nyuma ya televisheni. Dola 15 kwa mwezi ni dola 180 kwa mwaka, na mwaka ukiisha kisanduku bado si chako. Nakaa Houston, kwenye jengo lenye Watanzania, Wakenya na Wakongo, na kila nikiombwa kusoma bili ya jirani nakuta hadithi ileile: fundi alikuja siku ya kwanza, akaunganisha, mpangaji akasaini kwa kidole kwenye simu ya fundi, na tangu hapo kodi inakatwa kimyakimya.

Dawa ni kununua modemu yako mwenyewe, lakini usikimbilie dukani leo. Kwanza ujue intaneti yako inaingiaje ndani. Tazama waya unaotoka ukutani. Ukiwa mnene, wa duara, una kichwa cha kuzungusha na kisindano cha shaba katikati, hiyo ni kebo na mwongozo huu ni wako. Wa faiba wana kisanduku cha kampuni kilichofungwa ukutani ambacho kwa kawaida hukiondoi. Mnachoweza kununua ni ruta tu. Wa 5G ya nyumbani, wale wanaoweka sanduku dirishani, hapa hamna la kuokoa: sanduku ni la kampuni na gharama yake imo kwenye bei. Tena ziko kampuni za kebo ambazo modemu hazitozi, zinatoza waifai. Kama ndiyo yako, iache modemu yao palepale, nunua ruta.

Maana hivi ni vitu viwili, ingawa kampuni inavifungia kwenye sanduku moja. Modemu ndiyo inayoongea na kampuni kupitia ule waya. Ruta ndiyo inayorusha waifai na kuigawa kwa simu, kompyuta na televisheni. Wengi tuliotoka nyumbani tumezoea ruta ya laini: unachomeka laini, mambo yameisha. Ndiyo maana mtu ananunua ruta peke yake, anafika nayo nyumbani, anabaki anaigeuzageuza kutafuta tundu la kebo. Ushauri wangu ni kununua modemu mbali, ruta mbali. Waifai inabadilika haraka kuliko modemu, na ukinunua sanduku lililochanganya vyote, siku unataka waifai mpya unatupa na modemu nzima. Halafu ruta haijali kampuni. Ukihamia kwenye faiba unahama nayo.

Kabla ya kulipa hata senti, ingia kwenye tovuti ya kampuni yako utafute orodha ya modemu inazozikubali. Andika jina la kampuni na maneno "approved modems", itakuja. Modemu isiyokuwemo hata iwe nzuri vipi, wanaweza kukataa kuiwasha. Linganisha namba ya modeli herufi kwa herufi, kwa sababu zinafanana mno. Arris SB6183 na SB6190 ukiziweka kwenye picha utadhani mapacha, lakini SB6190 ina chipu ya Intel Puma 6, ambayo tangu 2016 inajulikana kwa kuchelewesha data kwa vipindi. Spidi inapimwa vizuri, lakini kwenye michezo na simu za video mambo yanakwamakwama. Ukiiona inauzwa bei ya kutupa, ujue kwa nini.

Kwenye boksi tafuta neno DOCSIS, utaratibu unaofuatwa na modemu zote za kebo. Toleo la 3.0 ni la 2006, la 3.1 ni la 2013. Kama kifurushi chako ni cha spidi ya megabiti 200 au 300 kwa sekunde, modemu ya 3.0 yenye chaneli nyingi, yaani njia za kupitisha data, ingekutosha, ila mimi singeinunua tena. Kampuni zinazidi kuzichukulia za zamani, na tofauti ya bei haifai kuhangaikia. Mpya ya 3.1, mfano Arris SB8200 au Motorola MB8611, huzunguka kwenye dola 150, juu au chini kidogo kutegemea msimu. Ruta ya Wi-Fi 6 ya kutosha apartimenti ya vyumba viwili utaipata kwa dola 60 hadi 80. Jumla tuseme dola 220. Kwa kodi ya dola 15 pesa yako inarudi ndani ya miezi 15, na baada ya hapo modemu nzuri inaendelea kufanya kazi miaka. Kama ruta unayo tayari, ni miezi kumi tu.

Kuna watu nitawaambia waendelee kukodi. Anayehama baada ya miezi minne, akae na yao. Mwenye simu ya mezani kwenye kifurushi cha kebo anahitaji modemu yenye tundu la simu, nazo ni chache na ghali, kwa hiyo apige hesabu upya. Halafu soma masharti ya kifurushi: kampuni nyingine zinakupa data isiyo na kikomo kwa sababu tu umekodi sanduku lao, na ukilirudisha unaanza kuhesabiwa. Nyumba yenye vijana watatu wanaotazama video mchana kutwa, hiyo tozo ya data inaweza kumeza yote uliyookoa.

Vya mtumba navyo vina mtego wake. Duka la mitumba la mtaa wetu halikosi sanduku lenye nembo ya kampuni ya kebo kwa dola 8. Usiguse. Hilo ni la kampuni, kuna mtu alilikodi hakulirudisha, na ukipiga simu liwashwe jibu ni hapana. Ukinunua modemu ya rejareja iliyotumika, mwombe muuzaji aithibitishe kuwa imeondolewa kwenye akaunti yake. Mimi napendelea zile zilizokarabatiwa na kuuzwa na mtengenezaji mwenyewe, zina udhamini.

Siku ya kuunganisha, usiwarudishie sanduku lao kwanza. Piga picha ya stika iliyo chini ya modemu mpya kabla hujaiweka mahali, kwa sababu wataihitaji namba ya MAC, kitambulisho cha kifaa chenyewe: tarakimu na herufi 12. Hapa ndipo simu nyingi za kuwasha modemu zinapokwama. Namba ya MAC inatumia 0 hadi 9 na A hadi F pekee, kwa hiyo hakuna herufi O humo. Kila kiduara ni sifuri. Kinachosumbua ni B na 8, na D na 0, ndiyo maana nataka picha unayoweza kuikuza. Dada mmoja Mkongo wa ghorofa ya chini aliniita, "Kaka, wanasema modemu yangu haiko katika dunia hii." Tulipokuza picha, B ilikuwa imesomwa 8. Dakika tano baadaye taa zikatulia.

Chomoa kebo kwenye sanduku lao, izungushe kwenye modemu yako mpaka ikaze kwa vidole, bila koleo. Kisindano cha shaba kiwe kimenyooka, kikipinda hakishiki. Washa modemu, isubiri kama dakika kumi, kisha fungua programu ya kampuni kwenye simu yako kwa data ya simu, ujaze ile namba. Isipokubali, piga simu uwaambie una modemu yako unataka iwashwe. Watakushawishi ubaki na yao. Jibu kwa adabu, rudia ombi lako.

Ikishawaka, chomeka ruta, kisha andika kwenye kivinjari 192.168.100.1. Modemu nyingi za kebo hufungua hapo ukurasa wake wa ndani. Nguvu ya mawimbi yanayoingia iwe kati ya hasi 7 na chanya 7 kwa kipimo cha desibeli (dBmV). Ikiwa chini sana, angalia kama kuna kigawanyaji cha kebo nyuma ya televisheni: kila kigawanyaji cha njia mbili kinakula karibu desibeli 3.5, na wengi tumeachiwa viwili vya mpangaji aliyepita visivyo na kazi. Ving'oe. Namba ikibaki mbaya, huenda tatizo ni waya wa kampuni, na hapo una ushahidi wa kumwonyesha fundi wao atakapokwambia kosa ni la modemu yako. Atasema, maana sasa kifaa ni chako. Kikiungua kwa radi pia ni chako, na Houston kwa radi tunaijua, kwa hiyo nunua soketi ya kukinga vifaa na umeme unaopanda ghafla (surge protector) yenye tundu la kebo pia.

Sanduku lao lirudishe mwenyewe, na adapta yake, dukani kwao au kwa njia ya posta wanayokuelekeza. Dai risiti yenye namba ya sanduku, ipige picha, uitunze hata mwaka, kwa sababu sanduku "lisilorudishwa" hutozwa zaidi ya dola 100. Bili inayofuata isome tena mstari kwa mstari. Tangu Desemba 2020 sheria ya Marekani inakataza kampuni kukutoza kodi ya kifaa ulichojinunulia. Wakiendelea kukata baada ya simu yako, jaza malalamiko kwenye tovuti ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani. Ni bure, na kampuni ikishapelekewa ina siku 30 za kukujibu.