Kiraka cha msimbo kiambatishwe kikiwa maandishi matupu
Unapomtumia mwenzako kiraka cha msimbo (faili inayoonyesha mabadiliko ya kufanywa kwenye msimbo wa programu) kwa barua pepe, kiambatishe kama faili ya maandishi matupu ambayo jina lake linaishia na .patch au .diff, wala usiibane kuwa zip, kwa sababu mkaguzi anataka kuisoma papo hapo. Ukikibandika ndani ya barua, programu nyingi za barua pepe hukata mistari mirefu na kugeuza tabo (alama ya kitufe cha Tab) kuwa nafasi, na hata nafasi moja ikipotea mwanzoni mwa mstari, kiraka kinaweza kukataa kabisa kuingia. Nakuomba sana kwanza ujaribu kiraka hicho kwa git apply --check, amri ya Git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo) inayopima tu kama kiraka kitaingia, juu ya nakala safi ya msimbo. Katika barua yenyewe, eleza kinarekebisha nini na kimetengenezwa juu ya toleo lipi.