Kikaratasi cha maombi kiwe na tarehe ya kurudi
Ninafanya kazi katika ofisi ya kanisa hapa Bukavu, na kila Jumapili baada ya ibada nakuta kikapu kimejaa vikaratasi vya maombi. Ndugu mwenye kazi kama hii, usiishie kuviombea tu. Fungua daftari, andika jina na ombi kwa maneno machache, kisha pembeni weka tarehe ya kurudi kumuuliza mwenyewe.

Hiyo tarehe ndiyo kazi yenyewe. Mama mmoja anayeuza sambaza, wale samaki wadogo, katika soko la Kadutu alileta kikaratasi kilichokunjwa mara nne, bado kinanuka samaki: mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa kukosa minervali, yaani karo ya shule. Tuliomba. Jumatano nikapanda kwenda kumwona, mvua imenyesha, matope mpaka kwenye vifundo. Nilipomtaja mtoto kwa jina, alinyamaza, akapangusa mikono kwenye kikwembe chake, akasema, "Kumbe mulikumbuka." Deni lilikuwa bado lipo, lakini tulikaa tukapanga namna ya kwenda kuongea na shule.

Ombi la siri, kama ugonjwa au shida za ndoa, usiliandike kwa kirefu. Weka alama unayoielewa wewe, na daftari likae kwenye kabati lenye ufunguo. Ombi hilo usilisome mbele ya watu bila ruhusa ya mwenyewe, hata kama nia yako ni njema. Hapo watu huumia sana.

Ukishindwa kutembea, piga simu. Unite (salio la simu) za dakika mbili zinatosha.