SOMO: Network imepotea, lakini ni LAN ama ni WAN? (mfano wa duka la Kisumu na tawi la Nakuru)

Swali linalorudi hapa kila mara ni "network imepotea nifanye aje", na ukimuuliza mtu ni network gani anaona unamzungusha tu. Lakini kweli ziko mbili. Kuna ya ndani, LAN, na kuna ya kutoka nje, WAN. Vitabu vya shule vinasema LAN ni ya eneo dogo na WAN ni ya eneo kubwa, basi. Si uongo, kwa mtihani utapata maksi zako, ila ukiwa kazini kitu cha kuangalia kwanza ni waya ni ya nani. LAN waya umenunua mwenyewe, swichi (kile kisanduku cha kuunganisha waya za kompyuta) ni yako, ikiharibika unapanda ngazi wewe ama fundi wako. WAN umekodisha njia ya mtu, unalipa kila mwezi, na ikikatika huko mbele kazi yako ni kupiga simu na kungoja.

Tuchukue duka la hadwea. Makao makuu yako Kisumu upande wa Kibuye, tawi liko Nakuru. Kisumu kuna kompyuta kadhaa, printa moja, na kompyuta moja ya nyuma inayoweka stoki, hiyo tuiite seva. Fuata hivi.

Hatua ya 1: chora

Chukua karatasi, usitumie programu yoyote. Chora kila kompyuta, printa, swichi, halafu rauta. Rauta iweke pembeni kabisa kwa sababu hiyo ndio mlango. Kila kitu kilicho upande wako wa rauta ni LAN. Ile waya moja ya faiba inayotoka kwa rauta kwenda kwa nguzo ni WAN. Waifai pia weka upande wa LAN, tutaongea hapo chini kwa maswali maana najua mtu atauliza.

Hatua ya 2: jua anwani yako

Kwa Windows fungua ile skrini nyeusi ya komandi, andika ipconfig, bonyeza enter. Utaona namba kama 192.168.1.15. Ikianza na 192.168 ama 10, hiyo ni anwani ya ndani, nusu ya maduka ya Oginga Odinga Street inaweza kuwa na hiyo hiyo namba na hakuna atakayegongana na mwenzake kwa sababu haitoki nje. Chini yake kuna mstari wa Default Gateway, hiyo ni rauta yako, iandike kwa ile karatasi. Kama namba yako inaanza na 169.254 usiendelee, maana yake kompyuta haijapewa anwani na rauta, angalia waya kwanza.

Hatua ya 3: ping mbili

Hapa ndio roho ya somo lote. Ping ni kuita kifaa kingine uone kama kinajibu na kwa muda gani. Andika ping halafu ile namba ya rauta. Kwa waya inafaa ijibu chini ya milisekunde 1, kwa waifai inapanda kidogo. Ikijibu, LAN yako iko sawa, wacha kuchomoa chomoa vitu. Sasa ping 8.8.8.8, hiyo ni ya Google, iko nje. Rauta ikijibu na hii isijibu, shida iko WAN. Zote mbili zikijibu lakini kurasa hazifunguki, jaribu ping google.com, ikikataa jina na namba inakubali basi shida ni DNS, yaani kile kitabu cha kugeuza majina kuwa namba, na hiyo mara nyingi unarekebisha mwenyewe kwa rauta bila kungoja mtu.

Mbona ya nje inachukua muda zaidi? Kwa faiba mwanga unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hivyo Kisumu mpaka Nairobi na kurudi ni milisekunde chache tu, lakini ukienda seva ya Ulaya mara nyingi unapita 100. Na tushukuru. Kabla ya 2009, mwaka ambao kebo za baharini kama SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, Kenya tulikuwa tunategemea setilaiti, na ile inakaa karibu kilomita 36,000 juu. Ombi lipande lishuke, jibu lipande lishuke, hapo nusu sekunde imeisha na ukurasa hata haujaanza kufunguka. Wale waliendesha saiba miaka hiyo wanajua.

Hatua ya 4: chomoa WAN makusudi

Fanya hii jioni wateja wakiisha. Chomoa ile waya inayotoka nje, acha zingine zote. Print kitu. Fungua faili kutoka kwa seva ya stoki. Vyote vinafaa kuendelea kama kawaida. Kama printa imekataa, inamaanisha ilikuwa inapitia kwa wingu, faili inatoka Kisumu inaenda nchi ya watu inarudi kwa printa iliyo hatua mbili kutoka kwako, na hiyo ni kitu ya kubadilisha. Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ilikuwa polepole Afrika Mashariki yote, lakini duka lenye stoki kwa seva yake ya ndani liliuza simiti bila shida.

Hatua ya 5: pima mwendo

Chukua faili ya gigabaiti 4, ikopi kutoka kwa seva. Swichi ya gigabiti 1 na kebo ya Cat5e ama Cat6, ni sekunde 32 kwa hesabu, kwa ukweli inazidi kidogo. Swichi ya zamani ya megabiti 100, zaidi ya dakika 5. Sasa hiyo faili uitume Nakuru kwa laini ya megabiti 10, ni dakika 53 na hiyo ni kama hakuna mtu mwingine anatumia. Kumbuka baiti moja ni biti 8, ndio maana ile "10" ya kifurushi inakuja ikiwa 1.25 kwa skrini ya kudownload, hujaibiwa. Pia angalia upande wa kupandisha, kuna vifurushi vinashusha haraka lakini kupandisha ni kidogo, na kutuma Nakuru unategemea kupandisha kwa Kisumu.

Hatua ya 6: unganisha matawi

Huwezi kuvuta kebo yako mpaka Nakuru, kwa hivyo unapita kwa WAN ya kukodisha, na juu yake unaweka VPN, yaani njia iliyofungwa kati ya rauta mbili, ili data isisomwe njiani. Rauta za MikroTik ziko nyingi sana huku na zinaweza hiyo kazi. Lakini kabla hujagusa VPN, badilisha anwani za tawi. Kisumu ikiwa 192.168.1.x na Nakuru pia iko 192.168.1.x hazitaelewana, kila upande utafikiri yule anayetafutwa yuko hapa hapa ndani. Nakuru ipe 192.168.20.x uendelee. Na angalau upande mmoja uwe na anwani ya umma, yaani namba inayofikika kutoka nje, kutoka kwa kampuni inayokuletea intaneti, uliza mapema kama wanaiuza kando.

MASWALI YA WANACHAMA

Wa saiba, Kondele: Mkubwa, waifai si ndio intaneti? Mteja anaona mistari imejaa na analalamika hakuna kitu.

*Jibu:* Hapana brathe. Ile mistari inaonyesha simu na rauta yako zinasikizana tu, yaani LAN. Rauta inaweza kuwa haina kitu nyuma yake. Fanya hatua ya 3 ukiwa na mteja hapo, aone mwenyewe.

Mwalimu, Kakamega: Lab yetu na ofisi ya mkuu ziko kama mita 150. Fundi anataka kuvuta Cat6 juu ya nguzo. Ni sawa?

*Jibu:* Mwalimu, usikubali, kwa sababu mbili. Kwanza kebo ya shaba mwisho wake ni mita 100, ikizidi hapo inaweza kuwaka taa lakini data inapotea potea. Pili ni radi, na wewe uko Kakamega. Shaba kati ya majengo mawili hubeba ule umeme mpaka kwa swichi na kompyuta zote, hata radi ikipiga karibu tu. Vuta faiba, ile ya kioo isiyo na waya wa chuma ndani, uweke kibadilishaji kila upande, cha kugeuza mwanga wa faiba uingie kwa waya ya kawaida. Haipitishi umeme na hiyo mita 150 kwake ni kitu kidogo. Hiyo bado ni LAN lakini, maana ni ya shule yenu na iko ndani ya kiwanja chenu.

Mwanafunzi, Maseno: Na MAN ni nini? Iko kwa noti zetu.

*Jibu:* Ni ya kiwango cha mji, kati ya hizo mbili. Tuseme ofisi za kaunti zilizotawanyika Kisumu mjini zikiunganishwa na faiba moja. Jibu hivyo kwa mtihani. Kwa kazi utasikia watu wakiiita WAN tu.

Mama wa duka, Bondo: Mimi sina rauta, natumia hotspot ya simu kwa laptopu. Hiyo ni gani?

*Jibu:* Mama, zote mbili kwa kifaa kimoja. Simu kwa laptopu ni LAN ndogo, simu kwa mnara ni WAN. Ukitaka kuprint, printa iwe ya waifai na uiunganishe kwa hiyo hotspot yako, haitakula bando.

Wa Njoro: Nimeweka kamera shambani na modemu ya laini ya simu. Nikiwa nyumbani kwa waifai ile ile naiona, nikienda Nakuru tauni naandika ile 192.168 na haifunguki.

*Jibu:* 192.168 haijulikani nje, rudi hatua ya 2. Na laini nyingi za simu hazikupi anwani yako ya umma, mnashea moja watu wengi, kwa hivyo hata ukifungua poti (mlango wa kuingilia kutoka nje) kwa modemu hakuna atakayekufikia. Njia rahisi ni programu ya kampuni ya kamera, kamera yenyewe inapiga nje kwanza halafu wewe unakutana nayo huko. Badilisha ile paswodi ya kiwandani ya kamera kabla ya kuanza kutumia njia hiyo, na upunguze ubora wa video maana ukiiangalia kutoka tauni inakula bando pande zote mbili, ya shamba na ya simu yako.