Wakili Unayetaka Kugombea 2027, Anza na Kabati la Faili

Mawakili wachanga wakija ofisini kwangu Eldoret kuniuliza njia ya kuingia siasa za kaunti, huanza na chama, wimbi na bei ya mabango. Mimi huwauliza faili zao ziko wapi. Nawauliza kwa sababu nawatakia mema. Ukitangaza kwamba unagombea, wateja wako wa zamani ndio wa kwanza kuulizwa wewe ni mtu wa aina gani, na wao hujibu kwa kukumbuka shilingi walizopata au walizokosa.

Kwa hiyo, mwaka mmoja hivi kabla ya kura ya mchujo, toa faili zote kabatini, hata zilizofungwa zamani. Tenga zilizokwisha, zinazoendelea, na zile ambazo bado umeshika pesa au karatasi ya mteja. Hizi za mwisho ndizo za kukukosesha usingizi: fidia ya ajali ambayo kampuni ya bima ililipa ikabaki kwenye akaunti ya wateja, nusu ya bei ya shamba ambalo mauzo yake yalikwama, hatimiliki ambayo mzee aliiacha kwenye sefu yako akisema ataifuata baada ya mavuno. Linganisha daftari lako na taarifa ya benki, jina kwa jina, hadi senti ya mwisho. Mali bila daftari hupotea bila habari, na pesa hizi hazijawahi kuwa zako.

Kisha mpigie kila mmoja simu. Akija, mwonyeshe hesabu kwenye karatasi, mlipe kupitia benki, atie sahihi, nawe ubaki na nakala. Mteja akiwa amefariki, watafute wasimamizi wa mirathi waliothibitishwa na mahakama. Usimkabidhi mwana mkubwa kwa kuwa tu ndiye aliyewahi kufika.

Kesi zinazoendelea zipeleke kwa wakili mwenzako, lakini kwa ridhaa ya mteja, na notisi ya kubadili wakili iwekwe mahakamani. Mama anayepigania shamba la marehemu mumewe alikuchagua wewe. Asisikie redioni kwamba umeondoka.

Hapo sasa tuzungumze kiti. Ukitaka kuwa mwakilishi wadi bila chama, Katiba inadai uungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi hiyo. Ukiwa mtumishi wa umma, tuseme mwanasheria wa kaunti, sheria ya uchaguzi inakutaka ujiuzulu miezi 6 kabla. Kura ni Agosti 10, 2027, basi hesabu Februari. Njia ninayoipenda zaidi kwa wakili ni uwaziri wa kaunti: gavana anakuteua, bunge la kaunti linakuidhinisha, na huruhusiwi kuwa mwakilishi wadi kwa wakati mmoja. Pale unajifunza bajeti na zabuni kwa undani ambao jukwaa la kampeni halifundishi.

Baraza la Mawaziri la taifa lina bei yake. Tangu Katiba ya 2010, waziri hawezi kuwa mbunge wala seneta. Tazama safari ya Kipchumba Murkomen, wakili aliyefundisha sheria Chuo Kikuu cha Moi. Alichaguliwa seneta wa Elgeyo Marakwet 2013, akawa kiongozi wa walio wengi baada ya uchaguzi wa 2017, akavuliwa wadhifa huo Mei 2020. Wananchi wakamrudisha 2022, lakini mwaka huohuo akakiacha kiti ili awe Waziri wa Barabara na Uchukuzi. Julai 2024 Rais akavunja baraza, na kile kiti cha useneta kilikuwa kimeshapata mwenyewe katika uchaguzi mdogo. Yeye alirejeshwa, kwanza Michezo, halafu Usalama wa Ndani Desemba 2024. Wewe usipange maisha ukitegemea kurejeshwa. Mwachie mshirika wako ofisi iliyo hai, yenye kodi iliyolipwa.

Na kabla ya kuapishwa kuwa waziri wa taifa, utapigwa msasa. Watu huandaa vyeti vya KRA (mamlaka ya kodi), EACC (tume ya kupambana na ufisadi) na DCI (idara ya upelelezi wa jinai) wakadhani wamemaliza. Lakini sheria inamruhusu mwananchi yeyote kumpelekea Karani wa Bunge la Taifa hati ya kiapo inayopinga uteuzi wako. Fikiria ni nani anayeweza kuiandika. Mara nyingi ni yule ambaye hukumpigia simu.

Utaulizwa pia thamani ya mali yako na uliipataje. Ukiwa umewahi kununua shamba la mteja wako, tafuta sasa hivi mkataba wa mauzo, risiti za benki na ripoti ya mthamini ya wakati ule, uziweke juu kabisa ya faili yako.