Somo: Kuchagua malazi ya ufukweni ya bei nafuu kisiwani ukiwa na siku chache tu

Ukiwa na siku 3 au 4 za kukaa kisiwani, bei ya chumba kwa usiku ndiyo namba ya mwisho kuiangalia. Anza na saa. Jiulize utapata saa ngapi za kuwa baharini kukiwa na mwanga, maji yakiwa yamejaa, na wewe hujakwama bandarini ukisubiri boti. Mtu wa wiki 2 anaweza kupoteza siku nzima na asiumie. Wewe wa siku 3 ukipoteza siku, umepoteza theluthi ya hela yako, hata kama chumba kilikuwa cha bure.

Hatua ya 1: Hesabu saa, usihesabu usiku

Usiku 3 ni siku 2 kamili na vipande viwili, cha kufika na cha kuondoka. Vipande hivyo ndivyo vinavyoliwa na usafiri.

Tuseme nyumba A ni dola 25 kwa usiku, ila iko kisiwa cha pili. Boti ni dola 20 kwenda na 20 kurudi, inatoka mara moja kwa siku saa 9 alasiri na inarudi alfajiri. Nyumba B ni dola 40 kwa usiku, dakika 20 kutoka uwanja wa ndege, teksi dola 5 kila safari. Kwa usiku 3, A inafika dola 115 na B inafika 130. Tofauti ni dola 15, na kwa hizo 15 B inakupa alasiri ya siku ya kufika na asubuhi nzima ya kuondoka. Mimi nachukua B bila kufikiria mara mbili.

Maldives ndiko mtego huu unakonasa wengi. Ndege za kutua majini zinaruka mchana tu, kwa hiyo ukitua Malé jioni na umelipia kisiwa kinachofikiwa kwa ndege hizo, usiku wa kwanza unalala Malé kwa gharama nyingine. Mwenye siku chache atafute kisiwa cha boti ya kasi kilicho karibu na Malé, na ahakikishe saa ya boti ya mwisho kabla hajalipia tiketi ya ndege.

Hatua ya 2: Chagua upande wa kisiwa kabla ya kuchagua nyumba

Hapa ndipo pesa inapookolewa kweli, na watu wengi wanaparuka. Katika ukanda wa tropiki upepo hauvumi ovyo. Una miezi yake na una upande wake. Kila kisiwa, kwa mwezi wowote, kina upande wa joshini unaopigwa na upepo na mawimbi, na upande wa demani uliotulia. Bei za msimu wa chini hushuka kisiwa kizima, ila bahari haichafuki kisiwa kizima. Ukipata nyumba upande uliotulia katika miezi ambayo wageni wamekimbia, umepata bei ya msimu mbaya kwa bahari nzuri.

Mifano iko wazi. Morisi, kuanzia Juni hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki unapiga pwani ya mashariki kama Belle Mare, huku Flic en Flac upande wa magharibi kukiwa na kinga. Shelisheli miezi hiyohiyo ufukwe wa Beau Vallon kisiwani Mahé unatulia, ila ufukwe wa Grand Anse kisiwani La Digue una mikondo ya kuvuta mtu na si pa kuogelea. Kuanzia Desemba upepo unageuka na Beau Vallon nako kunapata mawimbi. Thailand ndiyo inachanganya watu zaidi: Phuket mvua zake ni Mei hadi Oktoba, wakati Koh Samui mvua kubwa hupiga Oktoba hadi Desemba. Ukiambiwa tu "Thailand ni msimu wa mvua", uliza pwani ipi.

Upepo pia huleta uchafu. Bali, kuanzia Desemba hadi Februari, fukwe za magharibi kama Kuta hupokea takataka zinazosukumwa na bahari. Visiwa vya Karibi, tangu 2011, vimekuwa vikipata miaka ya mwani mwingi wa kahawia unaorundikana na kuoza ufukweni, na upande wa joshini ndio unaoumia zaidi. Huko Karibi msimu wa vimbunga ni 1 Juni hadi 30 Novemba, na Agosti hadi Oktoba ndiyo kilele. Bei za Septemba zinavutia sana, lakini usichukue chumba kisichorudisha hela.

Hatua ya 3: Angalia maji kujaa na kupwa kwa tarehe zako

Karibi na Morisi ruka hatua hii, tofauti ya maji ni ndogo. Unguja usiiruke kabisa. Pwani ya mashariki, Paje, Jambiani na Bwejuu, maji yakipwa bahari inaondoka mamia ya mita na unabaki na tambarare ya mchanga, mwani na vidimbwi. Ni pazuri kutembea, ila huogelei. Nungwi na Kendwa kule kaskazini maji hayaendi mbali hivyo, na hiyo ni sababu mojawapo vyumba vya kule ni ghali zaidi.

Sasa cha kufanya. Maji hujaa mara 2 kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi wa nusu huleta maji mafu, tofauti inakuwa ndogo. Kwa pwani moja, maji ya bamvua hujaa karibu saa zilezile mwaka mzima. Unguja wakati wa bamvua maji hupwa kabisa mida ya saa 4 au 5 asubuhi na hujaa alasiri. Siku za maji mafu ni kinyume: asubuhi yamejaa, ila hata yakipwa hayaendi mbali.

Kwa hiyo mwenye bajeti ndogo anaweza kulala Jambiani kwa bei nafuu na bado akaogelea vizuri, alimradi tarehe zake ziangukie maji mafu, au awe tayari kuogelea alasiri. Jedwali la maji linapatikana bure mtandaoni. Litazame kabla hujaomba ruhusa kazini, kwa sababu kusogeza safari kwa wiki moja tu kunaweza kukubadilishia bahari.

Hatua ya 4: Setilaiti kwanza, picha za mwenye nyumba baadaye

"Dakika 5 kutoka baharini" ni maneno ya mwenye nyumba. Fungua ramani ya setilaiti, weka alama kwenye nyumba, kisha fuata njia kwa macho. Kuna barabara kuu katikati? Kuna ukuta wa hoteli kubwa unaokuzungusha nusu kilomita? Je, huo ni mchanga au ni mwamba? Rangi inasema: buluu hafifu iliyo sawa ni mchanga wenye maji mafupi, madoa meusi ni mwani au matumbawe, na mstari mweupe mbali na pwani ni mawimbi yanayovunjika kwenye mwamba, maana yake ndani yake kuna maji ya utulivu. Siri ya bei ni kwamba nyumba ya mstari wa pili au wa tatu, yenye kinjia cha wazi kwenda ufukweni, mara nyingi ni nafuu kuliko ya mstari wa mbele, na usiku hausumbuliwi na muziki wa baa.

Hatua ya 5: Soma picha na maoni kama mpelelezi

Picha za ufukweni zikionyesha mitumbwi imelala ubavu kwenye mchanga mkavu, hayo ndiyo maji yao yakipwa. Zikiwa zote zimepigwa kutoka juu au jua linapozama, jiulize wanaficha nini saa 6 mchana. Chumbani angalia vitu vidogo: ndoano ya chandarua juu ya kitanda, nyavu za dirishani kama zipo pembe zote, doa la unyevu linalopanda ukutani nyuma ya kitanda, feni ya darini au ile ndogo ya mezani. Bafuni, kutu kwenye bomba la mvua inakudokeza maji ya chumvichumvi.

Maoni yapange kuanzia mapya, na soma yale ya mwezi uleule utakaokwenda wewe. Nyota usizihangaikie. Tafuta maneno: umeme, jenereta, mbu, kelele, maji. Watu watatu tofauti wakilalamikia jenereta moja, jenereta ipo.

Hatua ya 6: Bei kamili

Jumlisha chumba, kodi, usafiri wa kwenda na kurudi, na chakula kama nyumba iko peke yake na mwenye jiko ni yeye tu. Tozo za serikali mara nyingi hazimo kwenye bei ya kwanza unayoiona. Maldives kuna Kodi ya Kijani, ambayo tangu Januari 2025 ni dola 6 kwa mtu kwa usiku kwenye nyumba ndogo za wageni na dola 12 kwenye hoteli kubwa za visiwa binafsi. Bali inatoza mgeni wa nje rupia 150,000 anapoingia, tangu Februari 2024. Zanzibar, tangu Oktoba 2024, mgeni asiye Mtanzania analipa bima ya dola 44. Kwa wawili wanaokaa siku chache, tozo kama hizi zinaweza kufikia bei ya usiku mmoja.

Hatua ya 7: Mwandikie mwenye nyumba

Maswali manne yanatosha: umeme ukikatika mna nini, maji ya bafuni ni baridi au yanapashwa, kuna ujenzi jirani, na je, naweza kupata video moja isiyokatwa kuanzia kitandani hadi kwenye maji. Hiyo video ndiyo mtihani. Mwenye nyumba mkweli anaitembea na simu mkononi siku hiyohiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shukrani sana mkuu. Sisi tuna mtoto wa miaka 2. Tuangalie nini cha ziada?

Jibu: Tafuteni ufukwe wenye mwamba mbele unaovunja mawimbi, na chumba cha chini, si ghorofani. Kivuli cha asili ufukweni ni muhimu kuliko bwawa la kuogelea. Epukeni safari ya boti ndogo inayochukua saa 2 hata kama kisiwa kinasifiwa. Pia ulizeni kitanda cha mtoto kinalipiwa au la, kwa maandishi. Viatu vya majini kwa wote watatu, kwa ajili ya wale viumbe wa bahari wenye miba mirefu myeusi.

Swali: Si bora kufika tu na kutafuta chumba kwa miguu? Wanasema unapata bei ya chini.

Jibu: Unapata, kama ni msimu wa chini na una muda. Lakini kutembea na begi juani kunakula nusu siku, na nusu siku kwako ni nyingi. Njia ya katikati: lipia usiku wa kwanza tu, kisha jioni ukiwa matembezini ulizia jirani. Sikukuu na likizo za shule usithubutu.

Swali: Mwenye nyumba ananiambia nimtumie hela moja kwa moja kwenye simu, atanipunguzia asilimia 15. Nimwamini?

Jibu: Punguzo lenyewe si ajabu, anakwepa kamisheni ya mtandao anaotangazia. Ila ukilipa pembeni, ule mtandao hautakusaidia mambo yakiharibika. Fanya hivi dada: lipia usiku wa kwanza kupitia mtandao, zilizobaki mkubaliane umlipe mkononi ukishakiona chumba. Akikataa mpango huo na kung'ang'ania hela yote mapema, achana naye.

Swali: Kiyoyozi ni lazima? Vyumba vya feni ni nusu bei.

Jibu: Inategemea upepo, ndiyo maana nimeuweka hatua ya 2. Chumba cha upande unaopata upepo, chenye madirisha pande mbili, feni inatosha. Cha demani, dirisha moja, miezi ya joto, hulali. Na kiyoyozi kwenye kisiwa kinachokatika umeme kila jioni ni pambo, kwa hiyo uliza kwanza kama jenereta inakiendesha. Nyingi zinawasha taa na feni tu.

Swali: Mimi naona bora kulala mjini kwa bei rahisi na kwenda ufukweni kwa gari kila siku. Umelisahau hilo?

Jibu: Kwa kisiwa kidogo uko sahihi kabisa kaka, hasa kama ufukwe uko chini ya nusu saa na kuna usafiri wa umma hadi jioni. Unaweza hata kubadilisha upande kulingana na upepo wa siku hiyo, jambo ambalo aliyelala ufukweni hawezi. Shida ni kisiwa kikubwa: saa na nusu kwenda, saa na nusu kurudi, na gari la mwisho linaondoka ndio kwanza maji yanajaa. Weka ratiba ya gari pembeni ya jedwali la maji. Zikipishana, lala ufukweni.