Somo: Kujifunza maneno magumu ya Kiingereza kwa kusoma tamthilia

Neno gumu halikai kichwani kwa kukaririwa peke yake. Hukaa likiwa na mtu aliyelitamka, mtu aliyeambiwa, na jambo lililofuata baada ya kutamkwa. Tamthilia inakupa yote matatu karibu katika kila mstari. Ndiyo maana tunaipendekeza kuliko gazeti kwa mtu anayekimudu Kiingereza cha kawaida lakini hukwama akikutana na neno zito. Anayeanza kabisa aanze kwingine kwanza, hapa atachoka bure.

Mifano yote tutaitoa katika A Doll's House ya Henrik Ibsen, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Copenhagen mwaka 1879. Wengi waliosoma sekondari Kenya miaka ya karibuni waliisoma kwa ajili ya mtihani, kwa hiyo ulizia kwa wauza vitabu vya mitumba mjini. Usipoipata, ipakue bure Project Gutenberg, maktaba ya vitabu ya mtandaoni. Tafuta tafsiri ya R. Farquharson Sharp. Ibsen aliandika kwa lugha ya kwao Norwe na kila mfasiri alichagua maneno yake, kwa hiyo ukiwa na tafsiri nyingine baadhi ya maneno ya hapa hutayaona.

Hatua ya 1: Pima kabla hujaanza

Fungua ukurasa wowote wa katikati, hesabu maneno 100, piga mstari chini ya usiyoyajua. Yakiwa 3 hadi 6, kitabu kinakufaa. Yakizidi 10, kiweke kando kwa sasa, kwa sababu utashindwa hata kukisia: maneno yanayolizunguka neno gumu nayo yatakuwa magumu. Yakiwa chini ya 2, utafurahia hadithi lakini msamiati hautaongezeka sana.

Hatua ya 2: Soma sehemu nzima ya kwanza bila kamusi

Kamusi iwe mbali, na simu pia. Lengo ni kujua nani anataka nini kwa nani. Wengi huharibu hapa: wanafungua kamusi kwenye neno la kwanza, wanapoteza uzi wa mazungumzo, na wakifika ukurasa wa tano wamechoka na hawajui kinachoendelea.

Soma maelekezo ya jukwaani kwa makini kuliko maneno ya wahusika. Wanafunzi huyaruka, na hasara yake ni kubwa. Tazama mwanzo wa tamthilia: Nora, mhusika mkuu, anaingia akiimba kwa mdomo uliofumbwa, anatoa pakiti ya "macaroons", vibiskuti vitamu, mfukoni, anakula moja au mbili, kisha anaenda "cautiously" hadi mlango wa chumba cha mumewe na kusikiliza. Hujui neno hilo? Tazama mwili wake. Mtu anayekula kitu alichokatazwa, kisha akaenda kusikiliza mlangoni kama mumewe yuko ndani, hatembei kwa vishindo. Anatembea kwa hadhari. Muda si mrefu anaificha pakiti mfukoni na kupangusa mdomo, na kile ulichokisia kimethibitika bila kufungua kamusi.

Hatua ya 3: Rudi na penseli

Sasa soma kurasa 4 au 5 tu. Weka duara kwenye neno usilolijua kabisa, mstari chini ya neno unalolijua lakini hapa linaonekana na maana nyingine. Hayo ya mstari ndiyo ya hatari, kwa sababu huyatilii shaka. Daktari Rank, rafiki wa nyumba ya Nora, ana "consumption" ya uti wa mgongo. Ukidhani ni matumizi, sentensi haina kichwa wala miguu. Kwa Kiingereza cha wakati ule huo ni ugonjwa wa kifua kikuu. "Stove" ya sebuleni kwa Nora si jiko la kupikia, ni la kupasha chumba joto wakati wa baridi, kitu ambacho nyumba ya Mombasa haikijui. "Ball" wanayoenda ghorofani haina mpira, ni karamu ya dansi.

Hatua ya 4: Daftari lenye safu tano

Chagua maneno 8, yasizidi 10, kwa kikao kimoja. Ukichukua 30 hutayarudia. Chora safu tano: neno, nani anamwambia nani na kuhusu nini, kisio lako, maana ya kamusi, sentensi yako mwenyewe. Safu ya pili usiiache wazi hata siku moja, ndiyo inayobeba kazi yote.

Mfano mmoja kwa ukamilifu. Neno: "surety". Anayesema: Krogstad, mwanasheria aliyemkopesha Nora fedha, anamwambia Nora, kuhusu hati ya deni ambayo baba yake Nora alipaswa kuitia sahihi. Kisio: mtu anayelisimamia deni la mwingine. Kamusi: mdhamini. Sentensi yako iwe ya hapa kwetu, kwa mfano mjomba aliyekudhamini kwenye mkopo wa sacco, au ndugu aliyepeleka hati ya shamba kortini ili mtu aachiliwe kwa bondi. Ukiandika sentensi ya kitabuni umenakili tu, hujalitumia neno.

Hatua ya 5: Kamusi, na namna ya kuisoma

Tumia mbili. Ya Kiingereza kwa Kiswahili ya TUKI, iliyokuwa taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikupe neno letu, na ya wanafunzi kama Oxford Advanced Learner's ikuonyeshe mkazo, mifano, na kama neno limeshapitwa na wakati. Usichukue maana ya kwanza kwa kuwa ni ya kwanza. Kwenye mazungumzo yao Krogstad anamwonyesha Nora kwamba baba yake alifariki tarehe 29 Septemba, ilhali sahihi yake imeandikwa tarehe 2 Oktoba, yaani Nora ndiye aliyeitia. Kurasa kadhaa baadaye Helmer, mumewe Nora, bila kujua mkewe amefanya nini, anamsema Krogstad kwamba alifanya kosa la "forge". Fungua kamusi na utakutana na mhunzi na kufua chuma. Endelea kushuka hadi ufikie kughushi. Tarehe mbili zile zimeshakwambia maana ipi ni yako, na hili ndilo jambo ambalo orodha ya maneno haiwezi kukupa: tendo ulilishuhudia kabla hujakutana na jina lake.

Hatua ya 6: Soma kwa sauti, watu wawili

Gawaneni wahusika. Mkiwa barazani baada ya alasiri, dakika 20 zinatosha. Ukiwa peke yako, rekodi sauti kwenye simu. Kosa letu kubwa ni kuhamishia mkazo wa Kiswahili, unaokaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kuongeza irabu mwishoni. "Hypocrite", yaani mnafiki, tunalitamka hi-po-KRAI-ti. Sahihi ni HI-po-krit. "Debt" herufi ya b haisikiki kabisa. "Spendthrift", yaani mfujaji wa fedha, lina konsonanti nyingi zilizobanana, kwa hiyo lisome vipande viwili, "spend" kisha "thrift", na hiyo th ni ileile ya thelathini. Mpwani hana kisingizio hapo.

Hatua ya 7: Marudio

Kesho yake, siku ya 3, siku ya 7, siku ya 21. Funika safu ya kwanza, ya nne na ya tano, angalia nani anamwambia nani, kisha liseme neno. Likikuponyoka, rudi kwenye ukurasa wa tamthilia, usirudi kwenye kamusi.

Maswali ya wanachama wetu wa Mombasa

Mwanachama wa Kisauni: Mwalimu, kwa nini tusianze na Shakespeare? Nasikia ndiye mwenye maneno magumu hasa.

Jibu: Ni magumu, lakini mengi huwezi kuyatumia leo, na mengine yamegeuka maana. "Presently" kwake mara nyingi ni sasa hivi, na leo Mwingereza akikwambia hivyo anamaanisha baada ya muda kidogo. "Wherefore" wengi hudhani ni wapi, kumbe ni kwa nini. Kama moyo umeshika huko, weka pembeni Juliasi Kaizari au Mabepari wa Venisi, tafsiri za Mwalimu Julius Nyerere, usome mistari 20 ya Kiingereza kisha 20 ya Kiswahili. Usianze na Kiswahili, kitakunyima nafasi ya kukisia.

Mwanachama wa Mji wa Kale: Asalaam aleikum. Mbona sehemu ya tatu Helmer anaingia amevaa "domino"? Mimi najua dhumna ya barazani.

Jibu: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Hapo ni joho pana jeusi la kuvaliwa kwenye karamu ya kujigeuza sura. Kumbuka wametoka kwenye dansi, na Nora amevaa nguo za kuchezea tarantella, dansi ya Kiitalia. Ukiona neno unalolijua limekaa kwenye orodha ya mavazi, piga mstari chini yake.

Mwanachama wa Nyali: Nafanya kazi mapokezi hotelini. Nikijifunza maneno haya nitayatumia wapi?

Jibu: Dada, kwenye daftari ongeza herufi moja pembeni: K kwa neno la kazini, N kwa la nyumbani, Z kwa la zamani. "Confidential", "cautiously" na "security" ni K. "Spendthrift" ni N, maana ukimwita mgeni hivyo umemtukana, hata kama Helmer anamwambia mkewe kwa mapenzi. "Consumption" ya ugonjwa ni Z: uijue ukiisoma, usiitumie.

Mwanachama wa Likoni: Najiandaa kwa IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. Tamthilia inatosha?

Jibu: Haitoshi. Itakusaidia kwenye kusikiliza na kuzungumza, kwa sababu imejaa majibu mafupi na vitenzi vyenye vipande viwili. Insha ya mtihani inataka maneno ya kueleza takwimu na kujenga hoja, na hayo utayapata kwenye tahariri na ripoti. Gawa wiki: siku tatu tamthilia, siku tatu makala.

Mwanachama wa Changamwe: Naweza kuweka maneno kwenye Anki, ile programu ya kadi za marudio, badala ya daftari?

Jibu: Weka, lakini upande wa mbele usiandike neno tupu. Andika hali: "Krogstad anamwambia Nora kuhusu kazi ya baba yake kwenye hati ya deni", na nyuma "surety". Ukiweka neno na tafsiri tu, umerudi kwenye orodha.

Mwanachama wa Kisauni: Ahsante. Na tukiwa watano?

Jibu: Wanne wasome Nora, Helmer, Krogstad na Bi Linde rafiki wa Nora, wa tano asome maelekezo ya jukwaani kwa sauti. Kila baada ya kurasa 5 badilishaneni, ili asiwepo anayejua maneno ya mhusika mmoja tu. Na mkiona Little Theatre Club ya hapa Mombasa imetangaza mchezo wa Kiingereza ambao maandishi yake mnaweza kuyapata, someni sehemu ya kwanza kabla ya kwenda. Mtayasikia maneno yenu yakitoka kinywani mwa mtu mwingine, kwa kasi ya kawaida, na mtajua papo hapo yapi bado hamjayashika.